Chuo Kikuu Huishi kwa Fedha ya Nani?

Tangu Mei 2023, Rais William Ruto alipotangaza utaratibu mpya wa kugharimia vyuo vikuu vya Kenya, wazazi na wanafunzi wa nchi hiyo wamekuwa katika tashwishi kubwa. Barua ya kujiunga na chuo, ambayo zamani ilikuwa bishara njema, sasa huja na tarakimu kadhaa zinazomtatiza msomaji wake: gharama kamili ya programu, ambayo huweza kuzidi mapato ya mwaka mzima ya nyumba nyingi, kisha sehemu itakayolipwa kwa ufadhili wa serikali, kisha mkopo, kisha baki inayomkabili mzazi kwa kadiri ya bendi ya kipato aliyotiwa mwanawe, bila ya yeye kuelezwa kinagaubaga alipimwa vipi. Desemba 2024 Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Chacha Mwita, ikatamka kwamba utaratibu huo unapingana na Katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu hiyo. Na baadaye mwaka huohuo serikali yenyewe ikatangaza kupunguza karo. Anayeyafuatilia mambo haya kwa redio na magazeti ana haki ya kuuliza: chuo kikuu ni cha kulipia au si cha kulipia, na kama ni cha kulipia, mlipaji hasa ni nani?

Swali hilo halina jawabu moja, na chanzo cha tashwishi ni kulitafutia jawabu moja. Gharama za chuo kikuu ni za namna nne, nazo hazifanani kwa asili yake wala kwa watu wanaofaidika nazo. Iko gharama ya kufundisha, yaani mhadhiri, darasa na maabara ya mazoezi. Iko gharama ya kumkimu mwanafunzi mwenyewe, ale, alale na avae. Iko gharama ya utafiti, ambayo matunda yake huenda yasionekane ila baada ya miaka ishirini, tena yakaonekana kwa mtu ambaye hakupata kukanyaga chuoni. Na iko gharama ya kukidumisha chuo chenyewe, pamoja na maktaba yake, majengo yake na pensheni za watumishi wake, ambayo haipungui hata kama wanafunzi wa mwaka huu wamepungua. Serikali zetu, kwa muda wa nusu karne sasa, zimekuwa zikiziandika gharama hizi nne katika hesabu moja, kisha zikibishana na wananchi juu ya nani abebe jumla yake.

Mambo yalivyoanza

Kabla ya serikali za kikoloni kujenga chuo chochote katika nchi za Afrika Mashariki, elimu ya juu ya pwani ilikuwa na hazina yake, nayo ni wakfu: shamba la minazi, nyumba ya kupangisha au duka lililofungwa kwa ajili ya msikiti na darasa zake, lisiuzwe wala lisirithiwe, bali mapato yake yawakimu walimu na wanafunzi. Mwanafunzi aliyetoka mbali kwenda kusoma Riyadha ya Lamu, kwa mfano, alikimiwa kwa sadaka na hisani za watu ambao wengi wao hakuwajua. Desturi hii haikutoweka hata katika zama za Waingereza. Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 1951 na ambayo ndiyo chimbuko la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa cha leo, ilijengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jumuiya ya Mabohora na serikali ya kikoloni.

Vyuo vikuu vilivyofuata vilishika njia nyingine. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, Nairobi, na Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, ziliunganishwa mwaka 1963 kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, nazo zikadumu katika umoja huo hadi 1970. Hazina ya dola ndiyo iliyozibeba, na sababu yake ilikuwa wazi: dola changa ilihitaji madaktari, mahakimu, walimu na wahandisi, na mhitimu alipotoka chuoni aliingia moja kwa moja katika utumishi wa serikali. Aliyelipa ndiye aliyetumia. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichopo katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake riziki. Na Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga kuingizwa katika Jeshi la Kujenga Taifa, ambako wangelipwa sehemu tu ya mshahara wa kazi zao, mamia yao walifukuzwa chuoni. Mgogoro ule hukumbukwa kama mgogoro wa nidhamu, hali ya kuwa, ukiutazama kwa makini, ulikuwa mgogoro wa malipo: mtu aliyesomeshwa kwa fedha ya umma arudishe nini, kwa muda gani, na kwa mkono wa nani?

Kenya ilijaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya mkopo tangu mwaka 1974, lakini mkopo ule haukuwa na mkusanyaji mwenye nguvu, na wengi wa waliokopeshwa waliuhesabu kuwa hidaya. Bodi ya mikopo yenye meno ya sheria, HELB, haikupatikana hadi 1995. Katika muda huo nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, zilikuwa zimeelemewa na madeni ya nje, na wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wakishikilia kwamba shilingi inayotiwa katika shule ya msingi huleta faida kubwa kwa jamii kuliko inayotiwa katika chuo kikuu. Kwa hoja hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kenya na Tanzania zikaingiza uchangiaji wa gharama, na Makerere ikafungua milango yake kwa wanafunzi wa kujilipia. Karo ya mwanafunzi wa serikali nchini Kenya ikatulia katika shilingi 16,000 kwa mwaka, na tarakimu hiyo ikabaki vilevile kwa zaidi ya robo karne, huku bei za vitabu, kemikali na umeme zikipanda pasina kikomo.

Rai ya kwanza: dola ibebe yote

Wenye rai hii husema kwamba elimu ya juu ni mali ya umma kama ilivyo barabara na mahakama, na kwamba daktari wa wilaya ana faida kubwa zaidi kwa wagonjwa wake kuliko aliyonayo kwa nafsi yake. Nguvu ya hoja yao ni insafu mlangoni: mtoto wa mvuvi wa Pangani na mtoto wa waziri wanaingia kwa cheti, si kwa mfuko wa baba. Ujerumani, ambako majimbo yote yalikuwa yamefuta ada ya masomo kufikia 2014, hutajwa kuwa ushahidi kwamba jambo hili linawezekana.

Linawezekana kwa kodi za Ujerumani. Huku kwetu, ambako sehemu kubwa ya kodi hutozwa katika sukari, sabuni na mafuta ya taa, mkulima ambaye mwanawe hakupita darasa la nane humlipia mtoto wa karani mkuu wa mjini. Wapinzani wa elimu ya bure huipenda sana hoja hii, nayo ina ukweli ndani yake. Lakini inashambulia mlango mwembamba wa kuingilia chuoni zaidi kuliko inavyoishambulia fedha ya umma yenyewe, kwa maana kama mtoto wa mkulima angeingia kwa wingi ule ule, dhuluma hiyo ingetoweka. Udhaifu mkubwa wa rai hii uko kwingineko, yaani katika tabia ya serikali kuongeza vyuo bila ya kuongeza fungu. Katika miaka ya 2012 na 2013 pekee, Kenya ilivipandisha vyuo vishiriki vingi kuwa vyuo vikuu kamili, kila kimoja na makamu chansela wake, baraza lake na madai yake, na fungu lililokuwa likiwatosha wachache kwa taabu likagawanywa kwa wengi. Dola iliyoahidi kubeba yote ikabeba kila kimoja nusunusu.

Rai ya pili: chuo kijitafutie riziki

Hakuna mahali ambapo rai hii ilijaribiwa kwa ukamilifu kuliko Makerere. Kuanzia 1992, kwanza kwa masomo ya jioni katika sheria na biashara, kisha katika kila kitivo kilichoweza kupata wateja, chuo kile kikaanza kupokea wanafunzi wa kujilipia. Na haikupita miaka kumi, wa kujilipia wakawa wengi kuliko wa serikali. Mishahara ikapanda, rangi ikapakwa kutani, na Benki ya Dunia ikaisifu Makerere mbele ya Afrika nzima. Profesa Mahmood Mamdani, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, alieleza upande wa pili wa sifa hiyo: vitivo vikaanza kugombania wanafunzi kama wachuuzi wanavyogombania wanunuzi, kozi za utalii na uhazili zikazaliwa pale zilipokuwa na soko bila ya kuulizwa kama zina elimu ya kutosha kuitwa shahada, na mhadhiri aliyelipwa kwa kipindi akaacha maabara na maktaba ili aongeze vipindi.

Nairobi iliifuata njia hiyo tangu 1998, kwa mpango uliokuja kujulikana kama Moduli ya Pili, na vyuo vingine vya Kenya vikafuata. Kwa miaka kumi na mitano hivi fedha iliingia kwa wingi hata vyuo vikapanga ghorofa katikati ya miji, juu ya maduka na mabenki, vikafungua matawi kila penye kituo cha basi. Vyuo vikaajiri kwa fedha hiyo, vikajenga kwa fedha hiyo, na vikajiwekea ahadi za kudumu juu ya pato lisilo la kudumu. Kisha mwaka 2016, Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alipoziba mianya ya wizi wa mitihani, watahiniwa waliopata alama ya A katika mtihani wa kidato cha nne wakashuka kutoka zaidi ya 2,600 wa mwaka uliotangulia hadi 141, na waliofikia alama ya kuingilia chuo kikuu nao wakapungua kwa kiasi kikubwa. Serikali ikaweza kuwachukua wote waliofuzu, wengine ikawapeleka hata katika vyuo vya binafsi kwa fedha ya umma, na kisima cha Moduli ya Pili kikakauka katika misimu miwili mitatu.

Yaliyofuata ni dhahiri kwa kila mtu. Kufikia 2023 madeni ya vyuo vikuu vya umma vya Kenya yalikuwa yamepita shilingi bilioni 60, na sehemu yake kubwa si deni la mabenki bali ni makato ya wafanyakazi: pensheni, kodi na akiba za ushirika zilizokatwa katika mishahara zisifike zilikopaswa kufika. Mhadhiri aliyestaafu baada ya miaka thelathini ya kufundisha, akaenda kudai haki yake na kuambiwa haikupelekwa, ndiye aliyeibeba gharama ile ya nne ambayo hapana aliyekubali kuibeba. Mgomo ulikifunga Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2024, na mgomo wa nchi nzima, kwa ajili ya fedha za mkataba wa mwaka 2017 hadi 2021, ulidumu tangu Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba 2025.

Haifai, hata hivyo, kulitupa soko lote jalalani. Wanafunzi wa jioni wa Makerere na Nairobi walikuwa, wengi wao, walimu na makarani waliokuwa na cheti cha kuwaingiza chuoni ila hawakupata nafasi, na kwao mlango ule ulikuwa rehema. Kosa lilikuwa kuifanya ziada kuwa msingi.

Rai ya tatu: fedha imfuate mwanafunzi

Utaratibu wa Kenya wa 2023, uliopendekezwa na Jopo la Rais la Mageuzi ya Elimu chini ya Profesa Raphael Munavu, ni jaribio la kushika njia ya kati. Badala ya serikali kukipa chuo ruzuku moja kwa kuhesabu vichwa, kila mwanafunzi huomba msaada kwa jina lake, hali ya nyumbani kwao ikapimwa, kisha akapewa ufadhili na mkopo kwa kadiri ya uhitaji wake. Muradi wake ni mzuri, na wanaoushambulia kana kwamba ni hila tupu hawautendei haki: kwa mara ya kwanza maskini na tajiri hawakuandikiwa karo moja.

Tuuchungulie kwa hesabu. Kwa mujibu wa bendi tano zilizotangazwa mwaka 2024, kabla ya karo kupunguzwa, nyumba yenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi iliwekwa bendi ya kwanza, ambapo ufadhili ulikuwa asilimia 70, mkopo 25, na familia ililipa 5. Bendi ya tatu, yenye kipato cha hadi 70,000, ilipata ufadhili wa asilimia 50 na mkopo wa 30, familia ikilipa 20. Bendi ya nne, hadi 120,000, ilipata asilimia 40 na 30, familia ikilipa 30. Waliokuwa juu ya hapo walilipa asilimia 40. Chukua programu ambayo gharama yake ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Familia ya bendi ya kwanza itadaiwa 15,000, kiasi kinachokaribia zile 16,000 za zamani. Lakini kwa nyumba yenye shilingi 5,995 kwa mwezi, hiyo ni riziki yote ya miezi miwili na nusu, bila ya kula. Familia inayopata 69,000 kwa mwezi itadaiwa 60,000. Na familia ya jirani inayopata 71,000 itadaiwa 90,000. Jirani huyu amemzidi mwenzake shilingi 24,000 kwa mwaka, na ameongezewa mzigo wa 30,000. Nyongeza ya mshahara imemfukarisha. Hii si hitilafu ya bahati mbaya; ni tabia ya kila ngazi yenye vipandio vichache virefu, na ingaliweza kuepukwa kwa kuufanya mchango upande polepole pamoja na kipato.

Kisha lipo tatizo la kupima. Katika nchi ambayo wengi hawana hati ya mshahara, kipato cha mchuuzi wa samaki wa Malindi au cha mfugaji wa Garissa hukisiwa kwa maswali juu ya makazi, shule alizosoma mwanafunzi na matumizi ya nyumbani. Mwaka wa mvua njema na mwaka wa ukame humweka mfugaji yuleyule katika bendi mbili mbalimbali, na fomu huijaza mara moja. Aliyesomeshwa shule ya gharama kwa hisani ya mjomba huonekana ni mtoto wa tajiri. Rufani zipo, lakini wakati rufani inasikilizwa chuo kimefunguliwa, na msichana aliyesafiri usiku kutoka kwao amesimama mbele ya dirisha la mhasibu akiwa na begi lake.

Lililo zito zaidi, na ambalo halikuzungumzwa vya kutosha barazani wala bungeni, ni athari kwa chuo chenyewe. Fedha inayomfuata mwanafunzi huja kwa wakati wa mwanafunzi: asipoomba, haiji, maombi yakichelewa, inachelewa, akiacha masomo, inaondoka naye. Bali mshahara wa mhadhiri wa fizikia, mwenye wanafunzi kumi na wawili, haumngojei mtu. Utaratibu huu ulipoiondoa ruzuku ya jumla kwa wanafunzi wapya, uliondoa pamoja nayo lile fungu dogo lililokuwa likizihifadhi idara zisizo na wengi, nazo ndizo ambazo nchi huzijua thamani yake siku zinapokuwa hazipo.

Mkopo na namna ya kuulipa

Juu ya mkopo wenyewe, tofauti ya rai miongoni mwa wananchi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Wengi hukubali kwamba aliyefaidika arudishe. Shida ni namna ya kurudisha. Tanzania, ambayo Bodi yake ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004, ilibadilisha sheria hiyo mwaka 2016, makato yakapanda kutoka asilimia 8 ya mshahara wa msingi hadi 15, tena juu yake kukiwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliifuta mwaka 2021. Asilimia 15 hukatwa sawasawa kwa mwalimu mpya wa Nachingwea na kwa meneja wa benki wa Dar es Salaam, ilhali yule wa kwanza hana cha kupunguza ila chakula. Australia, iliyoanzisha mkopo wa namna yake mwaka 1989, iliukabidhi kwa wakusanya kodi na kuweka kiwango cha kipato ambacho aliye chini yake hakatwi kitu. Aliyefilisika au kukosa kazi hadaiwi mpaka ainuke. Hapo deni huwa ni kodi ya aliyefanikiwa, na hofu ya kukopa hupungua.

Lakini utaratibu huo unahitaji waajiri wanaojulikana. Katika uchumi ambao mhitimu wa sheria huenda akauza simu Kariakoo kwa miaka mitano, mamlaka ya kodi haimwoni, na mzigo wote wa marejesho huwaangukia wenye hati za mshahara, yaani walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri. Kwa hiyo mkopo unaweza kubeba sehemu ya gharama ya kufundisha, na hasa gharama ya kumkimu mwanafunzi, zile fedha ambazo wanafunzi wa Tanzania huziita bumu. Kwa lolote zaidi ya hapo, umepewa kazi isiyokuwa yake.

Utafiti, ambao hauna mlipaji

Katika mabishano yote yaliyotajwa hapo juu, hakuna shilingi hata moja iliyotengwa kwa utafiti. Bendi hazina utafiti ndani yake. Shilingi 16,000 hazikuwa nao. Moduli ya Pili iliufukuza. Sheria ya Kenya ya 2013 ilisema mfuko wa taifa wa utafiti upewe kiasi cha asilimia 2 ya pato la taifa, nayo ni ahadi ambayo hakuna bajeti iliyoikaribia. Umoja wa Afrika, kwa uchache wake, ulishauri asilimia 1. Pengo hilo limezibwa na wageni. Sweden ilianza kuisaidia Dar es Salaam katika utafiti mwaka 1977, na Makerere mwaka 2000. Huko Kilifi, kituo kilichoanzishwa mwaka 1989 na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, kwa ushirikiano na wakfu wa Wellcome wa Uingereza, kimefanya kazi ya malaria inayosomwa dunia nzima.

Kheri hiyo haikataliki. Ila mwenye fedha ndiye mwenye swali: malaria, ukimwi na tabianchi zina wafadhili, na ni haki ziwe nao, lakini mmomonyoko wa fukwe za Bagamoyo, mikataba ya kale ya ardhi za pwani, au miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu iliyokusanywa na J. W. T. Allen na kuhifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vitamvutia nani wa Stockholm au London? Na mwenye fedha anaweza kuondoka. Mwaka 2025, Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada la USAID, na taasisi zake za afya zikasitisha ruzuku zilizokuwa zikipitia kwa washirika wa ng'ambo, watafiti wa nchi zetu waliachishwa kazi katikati ya majaribio, wengine wakiwa na vipimo vya wagonjwa majokofuni.

Mfano wa kinyume tunao wenyewe. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 iligharimiwa kwa pamoja na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kazi yake ikarithiwa na taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, na mwaka 1981 ikatoka *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, ambayo mwanafunzi, mwandishi na mfasiri wa leo huifungua bila ya kufikiri nani aliyeilipia. Hakuna karo ya mwanafunzi ambayo ingeweza kuandika kamusi ile, wala mfadhili wa mbali ambaye angeiona kuwa dharura. Uganda nayo, mwaka 2019, ilianza kuipa Makerere shilingi za Uganda bilioni 30 kwa mwaka kwa ajili ya utafiti wake yenyewe, na maswali yanayotafitiwa kwa fedha hiyo yanachaguliwa Kampala.

Kuzipima rai hizi

Ikiwa gharama ni nne, basi haifai kumtafuta mlipaji mmoja. Kumkimu mwanafunzi ni kazi ya mkopo, pamoja na ruzuku kamili kwa maskini hohehahe, ambao kuwadai asilimia 5 ni kuwafukuza kwa adabu. Kufundisha ni shirika la dola na familia, na hapo fikra ya Kenya ya kumpima kila mtu ni sahihi kuliko utaratibu wake: mchango upande kwa mteremko badala ya vipandio vitano, na upimaji urudiwe kila mwaka kwa sababu riziki hubadilika. Kukidumisha chuo, pamoja na pensheni na idara zenye wanafunzi wachache, hakuna budi kubebwe na ruzuku ya jumla isiyotegemea idadi ya waliojiandikisha, nayo iwe ndogo kuliko ya zamani lakini ifike kwa tarehe. Soko libaki kuwa ziada, na chuo kikatazwe kwa sheria kuajiri wa kudumu kwa pato lake.

Wapo watakaosema kwamba wakfu ndio dawa, wakitaja Harvard yenye zaidi ya dola bilioni 50. Wakfu ni jambo jema, na pwani yetu inalijua tangu kale. Lakini hata huko Marekani sehemu kubwa ya mali hiyo imefungwa na masharti ya watoaji, na historia ya Misri, ambako baada ya mapinduzi ya 1952 wakfu ziliwekwa chini ya wizara na Al-Azhar ikatiwa chini ya dola kwa sheria ya 1961, inaonyesha kwamba mali iliyofungwa kwa elimu haiko salama pale sheria isipoilinda na mkono wa mwenye nguvu.

Kwa upande wa utafiti, rai ya mwandishi ni kwamba nchi moja moja haitaweza, na kwamba umbo la Kamati ya 1930 linafaa kufufuliwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari inalo Baraza la Vyuo Vikuu lenye makao Kampala na Kamisheni ya Kiswahili iliyoko Zanzibar. Vyombo vipo, kinachokosekana ni mfuko. Kikwazo chake kinajulikana: nchi wanachama zina mazoea ya kuchelewesha michango yao kwa Jumuiya, na mfuko wa utafiti unaongoja michango ya kila mwaka utakufa kama zilivyokufa ahadi za asilimia 2. Kwa sababu hiyo mfuko huo uanzishwe kwa mtaji utakaolipwa mara moja, uwekwe chini ya wadhamini wasioteuliwa na wizara yoyote, na watafiti walipwe kwa faida ya mtaji huo tu. Na nchi ambayo haijalipa sehemu yake, vyuo vyake visiruhusiwe kuomba.